Karatasi, Mtoto wa Matambara

Vitu tunavyovitumia kila siku pasipo kuuliza asili yake ni vingi, na karatasi ni kimojawapo. Mtoto huandikia hesabu zake, karani huandikia barua zake, mwenye duka hufungia bidhaa zake, na jioni karatasi ile ile hutupwa jaani au hutiwa motoni. Watu wengi hudhani kwamba desturi hiyo ya kutumia mara moja na kutupa imekuwako tangu mwanzo, na ya kwamba mtu atunzaye karatasi iliyokwisha kuandikwa ni bahili au maskini. Lakini ukiifuata habari ya karatasi tangu ilipoanza, utaona kinyume chake. Katika nchi za Waarabu na katika Ulaya, kwa muda wa miaka 1,000 na zaidi, karatasi ilitengenezwa kwa nguo kuukuu zilizokwisha kutupwa na wenyewe. Desturi ya kuipoteza ovyo ni changa, haijatimiza hata miaka 200. Nataka kuisimulia habari hiyo, kisha tuone inatufundisha nini sisi tununuao karatasi za shule na za ofisi.

Kabla karatasi haijajulikana, kila taifa liliandika juu ya kitu lilichokipata karibu. Wamisri waliyachukua mafunjo yaliyoota katika mto Naili, wakayapasua, wakayapanga, wakayagonga hata yakawa kurasa. Watu wa Asia Ndogo na wa Ulaya waliandika juu ya ngozi za kondoo, mbuzi na ndama, zilizokwanguliwa hata zikawa nyeupe na laini. Ngozi hizo zilikuwa ghali mno. Johannes Gutenberg wa mji wa Mainz alipopiga chapa Biblia yake, yapata mwaka wa 1455, nakala nyingi alizipiga juu ya karatasi na chache juu ya ngozi. Na kwa nakala moja tu ya ngozi zilihitajika ngozi za ndama zaidi ya 100. Fikirini zizi zima la ng'ombe limekuwa kitabu kimoja!

Kwa sababu ya gharama hiyo watu wa zamani hawakuitupa ngozi iliyokwisha kuandikwa. Waliiosha au kuikwangua, wino ukatoka, wakaandika tena juu yake. Huko Paris kiko kitabu kimoja cha namna hiyo, ambacho wataalamu hukiita Codex Ephraemi. Hapo kwanza, katika karne ya 5, kilikuwa Biblia ya Kigiriki. Katika karne ya 12 mtu fulani akayafuta maandiko yale, akaandika juu yake mafundisho ya Efraimu wa Shamu. Maneno ya kwanza yakakaa yamefichika chini ya yale ya pili kwa mamia ya miaka, hata Mjerumani mmoja, Constantin von Tischendorf, alipokaza macho yake na kuyasoma, akayatoa yapigwe chapa katika miaka ya 1843 na 1845. Kurasa nyingi za Biblia ile zilikuwa zimekwisha kupotea kabisa.

Habari hii yatuonya mapema. Kutumia kitu tena ni jambo jema, lakini lataka macho. Yampasa mtu kujua kwanza lipi ni la kuhifadhiwa na lipi ni la kutumiwa tena, asije akaokoa ngozi na kupoteza neno. Jambo hili tutalirudia hapo mbele.

Karatasi yenyewe ilianzia China. Katika mwaka wa 105 mtumishi mmoja wa nyumba ya mfalme, jina lake Cai Lun, alimwonyesha mfalme wake karatasi iliyotengenezwa kwa maganda ya miti, mabaki ya katani, matambara, na nyavu za kuvulia samaki zilizochakaa. Wachimbaji wa mambo ya kale wameona vipande vya karatasi vilivyo vya zamani kuliko siku za Cai Lun, kwa hiyo hatusemi kwamba yeye ndiye wa kwanza kabisa. Lakini jina lake limeshikwa kwa kuwa aliitengeneza kazi hiyo vizuri, ikaenea. Basi vitazameni vile vitu vyake vinne. Ukiacha maganda ya miti, vitatu vilivyosalia ni vitu ambavyo wenyewe walikuwa wamekwisha kuvikataa. Mvuvi aliutupa wavu wake, na mfalme akauandikia barua.

Siri ya kazi hii ni nyuzi. Kila mmea una nyuzi ndogo ndogo ndani yake. Ukizilowesha na kuzitwanga hata zikaachana, kisha ukazichota pamoja na maji juu ya chujio jembamba, maji huchuruzika, nyuzi hubaki zimelalana na kushikana. Zikikauka ndiyo karatasi. Na kwa kuwa nyuzi hizo zikiloweshwa na kutwangwa huachana tena, karatasi kuukuu yaweza kugeuzwa kuwa karatasi mpya. Wajapani waliijua kazi hiyo tangu zamani sana. Katika mji wa Kyoto karatasi zilizokwisha kuandikwa zilitwangwa na kufanywa upya, na kwa sababu wino wa kwanza haukutoka wote, karatasi ile ilikuwa na rangi ya kijivu. Hawakuionea haya rangi hiyo, maana hata amri za mfalme wao ziliandikwa juu yake.

Katika karne ya 8 kazi ya karatasi ilifika Samarkand, na kabla karne hiyo haijaisha ikafika Baghdad. Huko hapakuwa na miti ile ambayo Wachina walitumia maganda yake, wala mianzi mingi; basi mafundi wakategemea matambara ya kitani na katani. Kutoka kwa Waarabu kazi ikavuka kwenda Hispania, na katika karne ya 13 mji wa Fabriano katika Italia ukawa na sifa kubwa kwa karatasi zake. Waitalia wakaanza kuwauzia karatasi watu wa Mashariki, na vyombo vya biashara vikazileta hata pwani yetu. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, waandishi hodari waliandika misahafu kwa mikono yao katika karne za 18 na 19, nao waliandika juu ya karatasi zilizotoka Italia. Ndivyo nguo kuukuu ya mkulima wa Italia ilivyopata kubeba maandiko ya watu wa Pate.

Sasa tuitazame kazi ya vinu vya Ulaya. Watu maskini walizunguka mijini na vijijini wakinunua matambara. Yalipofika kinuni wanawake waliyachagua, wakatoa vifungo na mishono, wakayagawa meupe mbali na ya rangi mbali. Kisha yalilowekwa hata yakaanza kuoza, yakapigwa kwa nyundo kubwa zilizoendeshwa na nguvu ya maji ya mto, yakawa rojo nyeupe. Fundi akaichota rojo hiyo kwa chujio la nyaya, akalitikisa, akalipindua juu ya kitambaa cha sufu. Kurasa zikashindiliwa ili maji yatoke, zikaanikwa kamba kwa kamba kama nguo. Mwisho zilichovywa katika gundi iliyopikwa kwa ngozi na mifupa, ili wino usitapakae. Karatasi hiyo ilikuwa imara sana. Biblia za Gutenberg zilizopigwa juu ya karatasi za matambara zingali zinafunguliwa leo baada ya miaka zaidi ya 500, na kurasa zake hazivunjiki.

Lakini kwa kadiri watu walivyozidi kusoma, matambara yalipunguka. Vitabu vilikuwa vingi kuliko nguo kuukuu. Upungufu huo ukawa jambo la serikali. Katika Uingereza sheria ya mwaka wa 1678 iliamuru kwamba maiti azikwe kwa sanda ya sufu, isiwe ya kitani, na katika sababu zilizotajwa ni kuwafaa watengenezaji wa sufu na wa karatasi. Yaani ilionekana ni hasara kuizika ardhini nguo ambayo ingaliweza kuwa kitabu.

Katika shida hiyo wakatokea watu wa kutafuta njia nyingine. Mwaka wa 1774 mwalimu mmoja wa sheria katika mji wa Göttingen, Ujerumani, jina lake Justus Claproth, alitoa kijitabu kilichoeleza namna ya kuosha wino wa karatasi iliyopigwa chapa na kuifanya karatasi mpya; na kijitabu chenyewe kilipigwa chapa juu ya karatasi ya namna hiyo. Katika mwaka wa 1800 mtu mwingine, Matthias Koops, aliyekaa London, alipata hati ya serikali kwa kazi ya kutoa wino katika karatasi kuukuu. Akatoa kitabu juu ya habari za vitu vya kuandikia, akakipiga chapa juu ya karatasi ya mabua makavu ya nafaka, na sehemu yake juu ya karatasi iliyofanywa upya. Akajenga kinu kikubwa, lakini fedha zikamshinda, na baada ya miaka michache kazi yake ikaanguka. Fikira yake ilikuwa njema, ila alikuja mapema kuliko wakati wake.

Njia iliyoshinda ilikuwa nyingine, nayo ilifundishwa na nyigu. Mwaka wa 1719 Mfaransa Réaumur aliwaonyesha wataalamu wenzake kwamba nyigu hukwaruza miti, hutafuna nyuzi zake, na kujenga nyumba yake kwa karatasi. Basi akasema, kama nyigu aweza, kwa nini binadamu asiweze? Ilipita miaka zaidi ya 120. Hata mwaka wa 1844 Friedrich Gottlob Keller wa Saxony alikuwa amekwisha kuvumbua njia ya kusaga mti juu ya jiwe la kusagia na kupata rojo. Na mwaka huo huo Charles Fenerty wa Nova Scotia, katika Kanada, akapeleka barua kwa gazeti la Halifax pamoja na kipande cha karatasi aliyoitengeneza kwa mti. Baadaye zikapatikana njia za kupika mti kwa dawa kali, na mitambo iliyotoa karatasi ndefu isiyokatika, ambayo ya kwanza yake iliundwa na Mfaransa Louis-Nicolas Robert mwaka wa 1799, ikapata rojo ya kutosha.

Lazima tuseme kweli juu ya badiliko hilo. Mti ulileta faida kubwa. Karatasi ikawa rahisi, na urahisi huo ukamfikia mtu mdogo. Pasipo karatasi ya mti daftari la mtoto wa mkulima lisingekuwako, wala magazeti ya bei nafuu. Wanafunzi wa Kiungani katika Unguja walipoanza kutoa gazeti lao, Msimulizi, mwaka wa 1888, dunia ilikuwa imekwisha kuingia katika zamani za karatasi nyingi. Mtu asemaye karatasi ya mti ni mbaya tu, amesahau nani aliyekuwa akisoma zamani na nani aliyekuwa hasomi.

Lakini urahisi ulikuja na deni lake. Kwanza, karatasi nyingi za karne ya 19 zilitiwa dawa yenye ukali ndani yake, na ukali huo huzila nyuzi polepole. Vitabu vingi vya wakati ule vimekuwa vya manjano na hukatika vikikunjwa, kama jani kavu, hali vile vya matambara vilivyovitangulia kwa miaka 400 vingali vizima. Pili, mti ukipikwa kwa dawa, karibu nusu yake tu hubaki kuwa nyuzi. Nusu nyingine huyeyuka, na isiposhughulikiwa vizuri huenda mtoni. Tatu, na hili ndilo kubwa, watu walijifunza kutupa. Mtu aliyeuza tambara lake ili lifanywe kurasa hakupoteza ukurasa. Mtu apataye rundo la karatasi kwa bei ndogo haoni kitu akikunja moja na kuitupa kapuni.

Deni hilo limefika hata kwetu. Huko Webuye, magharibi ya Kenya, karibu na mto Nzoia, kiwanda kikubwa cha karatasi kilianza kazi mwaka wa 1974. Kiliwapa watu wengi kazi, na mji ukakua kwa ajili yake. Lakini wenyeji walilalamika miaka mingi juu ya harufu yake na juu ya maji machafu yaliyoingia mtoni. Na miti ilikuwa lazima ipatikane: Serikali ya Kenya ilipokataza kukata miti katika misitu yake mwaka wa 1999, kiwanda hicho kilikuwa miongoni mwa vichache vilivyoachiwa ruhusa ya kukata. Mwaka wa 2009 kikafungwa, na mji uliokuwa ukitegemea mshahara wake ukapata dhiki kubwa, hata wenyewe wengine walipokuja baadaye kukifungua. Katika Tanzania nacho kiko kiwanda cha Mgololo, wilaya ya Mufindi, kilichoanza katika miaka ya 1980, nacho hulishwa kwa misonobari na mikaratusi iliyopandwa. Habari hizi zatuonyesha kwamba karatasi haitoki dukani. Iko mahali ambapo msitu, mto na mji mzima wa watu vimefungwa pamoja na ukurasa mmoja.

Labda mtu atauliza, Je, turudie matambara? Hapana, nguo zetu za leo nyingi zimechanganywa na nyuzi zisizo za mmea, wala hazitoshi. Wala karatasi iliyofanywa upya si dawa ya kila kitu: kila ikitwangwa nyuzi zake hufupika na kudhoofika, hata baada ya kutwangwa mara kadhaa hazishikani tena vema, na nyuzi mpya lazima ziongezwe. Kuosha wino nako kwataka maji na dawa. Kwa hiyo karatasi iokoayo miti mingi kuliko zote ni ile ambayo hatukuinunua kwa sababu tuliyo nayo ilikuwa haijaisha kazi. Hapo ndipo kuchagua kunapoanza.

Mwalimu mkuu au karani anunuapo, na aulize mambo mawili: karatasi hii imetengenezwa kwa nini, na baada ya kazi yetu itakwenda wapi? Mishale mitatu inayofuatana katika duara ni alama iliyochorwa na mwanafunzi wa Marekani, Gary Anderson, mwaka wa 1970, nayo yahusu kufanya vitu upya. Tena yafaa kusoma maneno yaliyo kando yake, maana pengine yasema kitu kimetengenezwa kwa vikuukuu, na pengine yasema tu kwamba chaweza kufanywa upya. Alama ya mti ya baraza liitwalo Forest Stewardship Council, lililoanzishwa mwaka wa 1993, yaonyesha kwamba miti imetoka katika msitu unaotunzwa kwa kanuni zake. Kwa bahasha na majalada, karatasi ya rangi ya udongo isiyofanywa nyeupe kwa dawa yatosha kabisa. Karatasi iliyopakwa nailoni au yenye kung'aa sana na iachwe, kwa kuwa ni vigumu kuitwanga tena. Na daftari lililoshonwa kwa uzi imara ni bora kuliko la bei ndogo lifumukalo kabla ya muhula kwisha.

Kisha ni kutumia. Ukurasa una pande mbili, na upande wa nyuma wa barua isiyo na siri wafaa kwa hesabu za kujaribia na kwa rasimu. Bahasha yaweza kufumuliwa, kugeuzwa ndani nje, na kugundishwa tena. Kazi ya kufutwa kila siku na ifanywe juu ya ubao, au juu ya vibao vya mawe kama walivyofanya wazee wetu walipojifunza kusoma. Karatasi zilizokwisha pande zote na zikusanywe mahali pakavu na safi, maana iliyolowana kwa mafuta au kuchanganywa na taka haifai kinuni tena. Wala msifungie chakula cha moto kwa gazeti au karatasi iliyopigwa chapa, kwa kuwa mafuta huvuta wino ukaingia chakulani.

Hapa nayarudia yale ya Biblia ya Paris. Kabla ofisi au shule haijazitoa karatasi zake kuukuu, mtu mwenye akili na azipitie moja moja. Daftari la majina ya watoto, hati za mashamba, stakabadhi, kumbukumbu za mikutano, barua za wazee: hizo si karatasi kuukuu, ni kumbukumbu ya kijiji. Barua zenye siri za watu nazo zisitolewe ovyo kwa kufungia bidhaa. Tufute lisilo na kazi, tusifute lile ambalo wajukuu wetu watalitafuta.

Mwalimu apendaye aweza hata kuwaonyesha watoto kazi ya Cai Lun. Karatasi zilizokwisha kazi na zichanwe vipande vidogo, zilowekwe usiku kucha, zitwangwe katika kinu hata ziwe kama uji, ziongezwe maji katika beseni. Wavu mwembamba uliowambwa juu ya fremu ya mbao uzamishwe na kuinuliwa polepole ukiwa sawasawa, kisha upinduliwe juu ya kitambaa, maji yakamuliwe kwa ubao, ukurasa uanikwe. Utakuwa mnene na wa kijivu kama ule wa Kyoto, na wino wa kalamu waweza kutapakaa kidogo, lakini kwa kadi na majalada wafaa. Mtoto aliyeitengeneza karatasi moja kwa mikono yake hataitupa nyingine kwa wepesi.

Nami namaliza kwa hesabu ndogo, mpate kuipima wenyewe. Darasa lina watoto 40. Mwisho wa mwaka kila mtoto amebakiwa na karatasi 10 zisizoandikwa katika daftari zake. Jumla yake ni karatasi 400. Zikikatwa vizuri na kushonwa 40 kwa 40, ni daftari 10. Na katika shule zetu nyingi, mwalimu ajuaye darasa lake aweza kuwataja kwa majina watoto ambao Januari watakuja na kalamu tu mkononi, wasio na cha kuandikia.